Je, mashirika ya kuwakutanisha watu wa Asia na wa Magharibi yanaleta maelewano ya kweli? Swali kutoka Jinja

Mwalimu wa Jinja anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Jinja, Uganda. Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari, na swali ninalowaletea si langu. Ni la mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, nililoshindwa kulijibu mbele ya darasa, na sikutaka kulijibu kwa kubahatisha.

Muhula huu nilikuwa nikifundisha uhusiano wa mataifa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nikawatajia wanafunzi mashirika yasiyo ya faida yaliyoanzishwa ili watu wa Asia na watu wa nchi za Magharibi wapate kufahamiana: Asia Society ya New York, East-West Center ya Honolulu, na Asia-Europe Foundation iliyoko Singapore. Niliwaeleza kwamba mashirika hayo huandaa maonyesho ya sanaa na mihadhara, hugharimia masomo, na huwakutanisha waandishi, wanamuziki na viongozi ambao vinginevyo wasingeonana. Siku iliyofuata tulikwenda kwa miguu hadi kwenye chanzo cha Nile, penye sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa katika mto huo mwaka 1948.

Wakati wa kurudi tulipitia Main Street, nikawasimamisha mbele ya duka moja la zamani. Juu ya baraza lake bado yapo maandishi yaliyoumbwa kwa saruji: jina la ukoo kwa herufi za Kirumi, ambalo nusu yake imebomoka, na chini yake mstari mmoja wa Kigujarati ambao hakuna mtu mtaani aliyeweza kutusomea. Siku hizi pale chini wanauza simu na vocha. Hapo ndipo msichana mmoja aliponiuliza: "Mwalimu, hao wametenganishwa na bahari nzima, wakaona wanahitaji mashirika ili waelewane. Sisi tulikaa na Wahindi mtaa mmoja miaka mingi, tukinunua kwao chumvi na vitambaa, na hatukuwa na shirika. Je, lingekuwapo, wangefukuzwa?" Alikuwa akisema juu ya Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 na Idi Amin, aliyekuwa rais.

Nilimwambia nitamjibu wiki ijayo. Naomba mnisaidie kwa mambo ya hakika. Je, mashirika haya yamewahi kubadili jambo lolote, au ni chakula cha jioni cha watu wenye nafasi? Yanaishi kwa fedha za nani? Na je, kuna sehemu yoyote ya kazi yao ambayo shule ya mji mdogo kama wetu inaweza kuiiga bila kungoja mfadhili?

Mkutubi wa Kampala anajibu:

Mwalimu, mpongeze mwanafunzi huyo kwa niaba yangu. Nimefanya kazi ya maktaba miaka kumi na minane, na habari za mashirika haya nimezifuatilia kwa sababu zinanigusa. Wengi huanza kuzisimulia na Asia Society, lakini mimi naomba turudi nyuma zaidi, kwa kuwa jibu la kwanza la binti huyo liko huko, nalo ni jibu chungu.

Mwaka 1907 palianzishwa New York shirika liitwalo Japan Society. Lilikuwa shirika la watu wenye uwezo, wafanyabiashara na wanadiplomasia waliopokea wageni mashuhuri na kuandaa karamu, na nia yao ya urafiki haikuwa ya uongo. Miaka thelathini na minne baadaye Japani na Marekani ziliingia vitani, na shughuli za shirika zikazimika. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwaondoa makwao watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa kuzaliwa, ikawaweka kambini, huku mashamba na maduka yao yakiuzwa kwa bei ya kutupa au kuachwa bila mtu. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako kwamba shirika lilikuwapo, na watu walifungiwa hata hivyo. Urafiki ulikuwa umekaa juu, kwa wenye benki, na haukuwa umeshuka hadi kwa jirani wa muuza mboga wa California.

Waliofanya kazi hii baada ya vita walilijua kosa hilo, ingawa sidhani kama walilirekebisha lote. Mwaka 1951 tajiri wa Marekani John D. Rockefeller wa Tatu alifuatana na mwanadiplomasia John Foster Dulles kwenda Japani katika ujumbe wa kuandaa mkataba wa amani, yeye akiwa mshauri wa mambo ya utamaduni. Alirudi akiamini kwamba mkataba wa serikali hautoshi. Kutokana na safari hiyo na urafiki wake na mwandishi wa habari Matsumoto Shigeharu, ilianzishwa mwaka 1952 International House of Japan, nyumba iliyoko Tokyo ambamo wasomi wa Kijapani na wa kigeni hulala, hula na kusoma pamoja. Jambo ninalolipenda katika habari hiyo ni kwamba fedha za Marekani zilitolewa kwa sharti kwamba Wajapani nao wachangishe yeni milioni 100, katika nchi ambayo miji yake ilikuwa imeteketea miaka michache tu iliyopita. Walizichangisha, na jengo lenyewe likabuniwa na wasanifu watatu wa Kijapani. Kwa namna hiyo nyumba haikuwa zawadi ya mshindi kwa mshindwa, kwa kuwa kila upande uliweza kusema kwamba ni yake.

Mwaka 1956 Rockefeller huyo huyo alianzisha Asia Society, ili Wamarekani waifahamu Asia nzima na si Japani peke yake. Mwaka huo huo mkutano mkuu wa UNESCO uliokaa New Delhi uliidhinisha mradi wa miaka kumi wa watu wa Mashariki na Magharibi kuthaminiana, kwa hiyo fikra hiyo haikuwa ya tajiri mmoja tu. Leo Asia Society ina vituo Houston, Hong Kong, Manila, Mumbai, Seoul, Sydney na kwingineko, na mkusanyo wa sanaa wa Rockefeller na mkewe Blanchette, karibu vitu 300, unahifadhiwa katika makumbusho yake ya Park Avenue. Hayo utayapata popote, sitakuchosha nayo.

Ninalotaka darasa lako lilitazame kwa karibu ni jambo lililotokea ndani ya basi. Aprili 1971, katika mji wa Nagoya, Mmarekani kijana aliyeitwa Glenn Cowan, mchezaji wa mpira wa meza, alijikuta amepanda basi la timu ya China. Nchi hizo mbili zilikuwa hazina uhusiano wa kibalozi, na wachezaji wa China walikuwa wameonywa wasizungumze na Wamarekani. Basi likaenda dakika kadhaa katika ukimya. Kisha bingwa wa zamani wa dunia, Zhuang Zedong, akainuka kutoka kiti cha nyuma, akaenda hadi alipo Cowan, akamsalimu kwa kupitia mkalimani, akampa kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan. Waliposhuka, wapiga picha walikuwa wakingoja. Siku chache baadaye timu ya Marekani ilialikwa Beijing.

Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo shirika lilipoingia. Mwaliko wa namna hiyo lazima urudishwe, lakini serikali isiyotambuana na nyingine itawezaje kumkaribisha mgeni wake rasmi? Ilikuwapo tayari National Committee on United States-China Relations, iliyoanzishwa mwaka 1966 na wasomi na raia walioona kwamba ukimya baina ya nchi hizo ni hatari. Kwa miaka mitano walikuwa wakifanya mikutano ambayo labda ilionekana haina maana. Timu ya China ilipokuja Marekani Aprili 1972, kamati hiyo ndiyo iliyokuwa mwenyeji: ikatafuta wakalimani, hoteli, kumbi na fedha, ikawazungusha wageni mji hadi mji kuanzia Detroit. Shirika halikuuzaa urafiki, maana ule ulizaliwa ndani ya basi. Lilikuwa na nyumba tayari ya kumpokea mgeni siku alipokuja.

Nimeirudia tarehe hiyo mara nyingi akilini. Aprili 1972 wachezaji wa China walikuwa wakishangiliwa katika kumbi za Marekani. Tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, katika kambi ya jeshi ya Tororo, Idi Amin aliwatangazia askari kwamba Waasia wataondoka Uganda, na muda uliotolewa ukawa siku tisini.

Mhasibu wa Mbarara anajibu:

Nimemsoma Mkutubi kwa heshima, ila swali la fedha hakuligusa, na kwangu mimi ndilo linaloamua mengine yote. Kazi yangu ni kukagua hesabu za asasi ndogo ndogo, na nimejifunza kwamba ukitaka kujua shirika litasema nini na litanyamaza wapi, uangalie kwanza daftari la mapato.

Mwalimu, katika somo lako usiliache Asia Foundation la San Francisco. Lilitanguliwa na kamati iliyoundwa mwaka 1951 katika joto la Vita Baridi, likapewa jina hilo mwaka 1954, likagawa vitabu, likasomesha walimu na kusaidia waandishi katika nchi nyingi za Asia. Mwaka 1967 ilifichuka hadharani kwamba fedha zake zilikuwa zikitoka kwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Vitabu vilikuwa vitabu halisi na walimu walisoma kweli, wala sina shaka kwamba watumishi wengi wa shirika hawakujua lolote. Lakini mwalimu wa Asia aliyekuwa amekipokea kitabu kwa moyo mweupe aliamka siku hiyo akijiuliza alikuwa nani katika mchezo huo, na majirani zake wakamuuliza pia. Shirika liliendelea kwa fedha zilizotajwa wazi na lipo hadi leo. Mimi naamini kosa kubwa lilikuwa siri yenyewe kuliko fedha, kwa sababu huwezi kumwambia mtu "tufahamiane" huku umemficha jina la aliyekutuma.

Ukitaka kulinganisha, East-West Center lilianzishwa na bunge la Marekani mwaka 1960 na limeendelea kupata fungu kutoka bunge hilo, na halifichi. Asia-Europe Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1997 baada ya mkutano wa kwanza wa wakuu wa Asia na Ulaya uliofanyika Bangkok mwaka 1996, inachangiwa na serikali za pande zote mbili. Hapa kwetu Makerere ina Taasisi ya Confucius, ambayo nyuma yake iko serikali ya China. Taasisi kama hizi zinafundisha lugha na zinafaa, lakini tuziite kwa jina lake: ni mikono ya mataifa yao, nazo si mashirika ya raia kwa maana ile ya kamati iliyoupokea mpira wa meza.

Kuna njia nyingine, ambayo mashirika makubwa ya Marekani huitegemea sana, na wanafunzi wako wataielewa mara moja ukiwaambia ni wakfu. Msikiti wenye vyumba vya duka pembeni hauvili vyumba hivyo; unakula kodi yake, na kodi hiyo hutia mafuta kwenye jenereta na kumlipa imamu mwaka hadi mwaka, hata kama aliyevitoa amekwisha kufa. Makumbusho na mashirika ya aina hii hufanya vivyo hivyo kwa hisa na amana: mtaji hauguswi, faida yake ndiyo matumizi. Shirika lenye wakfu linaweza kumwambia waziri au balozi hapana, kwa sababu mshahara wa mwezi ujao haumo mfukoni mwa balozi. Hata hivyo alama ya mwenye kuweka wakfu hubaki. Ni yeye aliyechagua tangu mwanzo ni sanaa ipi inunuliwe na ni mgeni yupi aalikwe.

Habari njema ni kwamba mambo haya yanaweza kukaguliwa na mtu yeyote. Mashirika mengi yasiyo ya faida ya Marekani hulazimika kuwasilisha kila mwaka kwa mamlaka ya kodi fomu iitwayo 990, inayoonyesha mapato, matumizi na mishahara ya wakuu, na fomu hiyo iko wazi kwa umma. Kwa Uingereza na Wales ipo daftari ya Charity Commission. Wape wanafunzi zoezi hilo, wafungue wenyewe mtandaoni na kusoma, badala ya kuamini tovuti yenye picha za watoto wanaotabasamu.

Kuhusu Jinja: chama cha wanafunzi ndani ya shule hakihitaji kibali cha mtu zaidi ya mkuu wa shule. Kikikua na kutoka nje ya lango la shule, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016 inavitambua vikundi vidogo vya kijamii, na kibali chake hushughulikiwa wilayani. Nakusihi usianze na kusajili. Nimeona asasi nyingi zenye mhuri, akaunti ya benki na katiba ya kurasa arobaini, ambazo hazijawahi kukaa na mtu hata mmoja wa kabila au dini nyingine wakanywa naye chai.

Kijana wa Arua anajibu:

Naomba niongeze jambo fupi. Miaka miwili iliyopita nilialikwa Kampala katika usiku wa utamaduni ulioandaliwa na asasi ambayo sitaitaja. Tulisafiri usiku kucha kwa basi. Kulikuwa na hotuba za wageni kutoka nchi mbili za Ulaya na moja ya Asia, zote kuhusu kuelewana, zikachukua saa mbili na nusu. Sisi vijana wa Uganda tuliombwa kucheza ngoma mwanzoni, na mwishoni tukapangwa kwa ajili ya picha. Katikati hapakuwa na mtu aliyetuuliza swali hata moja, wala hatukupewa nafasi ya kuuliza. Nilikuwa nimeandika maswali yangu manne kwenye karatasi, na karatasi hiyo bado ninayo. Mwalimu, chochote utakachofanya, wape watoto kipaza sauti kabla ya ngoma.

Mjukuu wa Mwenye Duka anajibu:

Mwalimu, nimelisoma swali la mwanafunzi wako nikiwa kazini, nikashindwa kuendelea na kazi. Babu yangu alikuwa na duka Mbale. Aliondoka mwaka 1972 na mkewe, watoto watatu na masanduku mawili. Baba yangu alirudi miaka ya tisini, wakati serikali ilipowakaribisha Waasia kurudi na kudai mali zao, na mimi nimekulia Kampala. Bibi yangu yuko Leicester, ana umri wa miaka themanini na sita.

Habari yetu ni ya Asia na Magharibi pia, kwa sababu Waganda wenye asili ya Asia wapatao 27,000 waliishia Uingereza, na zaidi ya 6,000 wakapokelewa Kanada. Huko Uingereza hawakupokelewa kwa maua. Halmashauri ya mji wa Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus, gazeti lililosomwa hapa hapa, likiwaambia watu kwa manufaa yao wasije Leicester kwa kuwa nyumba, shule na huduma zimeelemewa. Bibi anasema babu alilisoma tangazo hilo akiwa barazani, akalikunja, akasema, "Basi huo mji upo." Hakuwa amewahi kuusikia kabla ya hapo. Wakaenda. Leo mji huo huo unajivunia sherehe zake za Diwali, ambazo ni miongoni mwa kubwa kabisa nje ya India.

Nani aliyeleta mabadiliko hayo? Bibi alishona nguo kiwandani miaka ishirini, na anasema wanawake wa Kiingereza walianza kuzungumza naye siku alipoleta kababu na muhogo wa kukaanga wakati wa mapumziko. Hakuna shirika lililompanga. Lakini pia anawataja kina mama wa kanisa fulani waliokuwa wakija jioni nyumbani kumfundisha Kiingereza, wakiwa wamejiorodhesha kwa zamu, na waliokuja kwa miaka miwili bila kukosa. Hao walikuwa shirika, hata kama hawakuwa na jina kubwa. Nadhani tofauti yao na ule usiku wa Kijana wa Arua ni kwamba walikuja tena wiki iliyofuata.

Kuna jambo linalonigusa zaidi. Kigujarati cha nyumbani kwa bibi kimejaa Kiswahili. Anaomba sufuria, anatafuta fagio, anakata kitunguu kwa kisu, na anaamini kabisa kwamba anasema Kigujarati. Katika migahawa ya Kihindi ya Uingereza utakuta chakula kiitwacho mogo, na Waingereza wanakiagiza kama chakula cha India. Ni muhogo wetu. Umeondoka hapa ndani ya vinywa vya watu waliofukuzwa, ukawa chakula cha Asia huko Ulaya. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, wamekusanya kumbukumbu za Waganda wenye asili ya Asia waliofika nchini mwao, hati pamoja na masimulizi, na nimesikia sauti za watu wa rika la bibi humo. Nililia, sitaki kuficha. Lakini nilijiuliza kwa nini nimezikuta Ottawa na si Jinja wala Mbale.

Kwa swali la binti huyo, mimi siwezi kumjibu kwamba shirika lingezuia. Aliyetoa amri alikuwa na jeshi. Ninachojua ni kwamba siku babu alipofunga duka, majirani wawili walikuja usiku kuaga, na wengine walikuja asubuhi kupima milango. Wale wawili babu aliwajua kwa majina ya watoto wao. Wale wengine aliwajua kwa madeni yao tu, nao walimjua kwa bei zake.

Afande Mstaafu, Bombo, anajibu:

Binti yangu, pole, na ahsante kwa kusema. Mimi nilikuwa kijana mdogo mwaka huo.

Nataka kuongeza neno juu ya lugha. Watu husema Kiswahili kilituunganisha na Wahindi, na ni kweli, ila tukumbuke kilikuwa Kiswahili cha namna gani. Kilikuwa cha dukani: bei gani, leta, ondoa, kesho, hakuna. Mtu anaweza kutumia maneno hayo miaka hamsini asijue mwenzake anamzika vipi maiti wake au anaogopa nini usiku. Na kwetu jeshini Kiswahili kilikuwa cha amri, na ndiyo sababu Waganda wengi hadi leo wakikisikia hukumbuka kizuizi cha barabarani. Kwa hiyo lugha moja haitoshi ikiwa haikuwahi kutumika kwa mazungumzo ya heshima. Baraza la mawaziri mwaka 2022 liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, nami nafurahi, lakini mwalimu, wafundishe watoto pia kuuliza hali ya mtu nyumbani kwake na kungoja jibu.

Mkutubi ametaja mkalimani wa kwenye basi. Sijasikia mtu akimkumbuka kwa jina, naye ndiye aliyebeba maneno yote mawili.

Mwalimu wa Jinja anajibu:

Ndugu zangu, nimechapa majibu yenu yote na kuyasoma darasani leo asubuhi, kwa zamu, mwanafunzi mmoja kila aya. Jibu la Mjukuu lilisomwa na yule msichana aliyeuliza. Alipofika penye wale waliokuja kupima milango alinyamaza kidogo, kisha akamaliza. Sikumwongezea neno.

Tumekubaliana mambo machache. Chama kitakuwapo, bila usajili na bila mfadhili, na kitakutana kila Ijumaa baada ya vipindi. Wanafunzi wamechagua kuanza na maduka ya Main Street, moja baada ya jingine: nani alijenga, nani aliishi orofani, nani alihamia baadaye na kwa vipi, kwa sababu walio ndani sasa nao wana habari zao na hawapaswi kuhojiwa kama wezi. Watamwalika kwanza mzee wa hekalu la Wahindu na mama mmoja Mchina mwenye duka la vifaa vya umeme, na kila mgeni ataulizwa maswali manne, kisha naye atawauliza wanafunzi manne. Idadi hiyo ni heshima kwa karatasi ya Kijana wa Arua. Kikundi kimoja kitasoma fomu za 990 kama Mhasibu alivyoshauri, na tayari wanabishana kuhusu mishahara.

Jambo moja limebaki. Muuza simu ametuazima ngazi, na mwanafunzi mmoja ameupiga picha ule mstari wa Kigujarati kwa karibu, baada ya kuufuta vumbi kwa brashi ya nguo. Herufi nne zinaonekana vizuri na ya mwisho imevunjika. Dada Mjukuu, nimekutumia picha hiyo kwenye kisanduku chako cha ujumbe. Je, bibi anaweza kutusomea?

Mjukuu wa Mwenye Duka anajibu:

Mwalimu, nimempigia jana usiku. Aliomba picha ikuzwe mara tatu, akavaa miwani, akafuatisha herufi kwa kidole kwenye kioo cha simu. Anasema si jina la mtu. Ni Porbandar, mji wa bandari wa Gujarat alikotoka mwenye duka, na ndiko alikozaliwa pia Gandhi wenu wa pale mtoni.

Sasa yeye ana swali kwa wanafunzi, na amenisisitiza niliandike kama alivyolisema: orofani siku hizi anakaa nani, na ana watoto wangapi?